Ergash Muuza Mapazia na Filta ya Gari Lake

Mtaani kwetu, ukitaka nyumba ya Ergash muuza mapazia, tafuta nyumba inayochakarika. Ukikaa kwenye kochi lake linachakarika, maana nailoni ya dukani haijavuliwa tangu kochi liingie mlangoni. Ukishika rimoti, inachakarika. Meza ya wageni ina kitambaa cha kudariziwa, juu ya kitambaa kuna nailoni, na juu ya nailoni kuna gazeti ili nailoni isipate mikwaruzo. Sitamcheka sana, kwa sababu nusu ya Tashkent tuko hivyo hivyo, na friji yangu mimi bado ina ile karatasi ya kunata iliyokuja nayo. Lakini Ergash alituzidi wote kwa kuwa kazi yake ilimpa malighafi. Majora ya mapazia huletwa sokoni yakiwa yamevikwa nailoni ndefu kama soksi, na jioni, wenzake wakizitupa, yeye huziokota, huzikunja na kuzibeba nyumbani.

Jema lake ni kwamba hujicheka kabla hujamcheka. Ukimwita mkono wa birika, hukujibu kwamba birika angalau humimina. Habari hii ya filta aliisimulia mwenyewe mbele za watu, kwenye pilau ya alfajiri ya arusi ya jirani, akijisema vibaya kama anayemsema adui yake. Mkewe, Hosiyat, akaniongezea yale ambayo mumewe aliyasahau kwa makusudi.

Ergash ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba hurithi nyumba pamoja na mama aliyemo. Mama huyo, Bi Risolat, ana ulimi mkali na kifua dhaifu. Wakati wa baridi, moshi wa makaa ya mawe ukitanda juu ya mji, hukohoa hadi jirani wa pili akasikia. Ndani ya gari la mwanawe, hata hivyo, alikohoa mwaka mzima. Lilikuwa gari jeupe kama magari yetu yote, viti vyake vimo ndani ya nailoni za kiwandani, na kila feni ilipowashwa, matundu ya mbele yalitoa harufu ya ghala la vitunguu lililosahauliwa.

"Ni harufu ya gari jipya, mama," Ergash alizoea kusema.

"Jipya limeota ndevu," mama alizoea kujibu, akijifunika pua kwa mtandio.

Mambo yangeendelea hivyo hadi mwisho wa dunia, kama habari isingekuja kutoka Kokand kwamba Inoyat, mdogo wake Bi Risolat, angepasuliwa moyo. Dada hao wawili hawakuwa wameonana tangu wamzike mume wa Inoyat, maana katikati yao kuna milima ya Kamchik, na treni humtia Bi Risolat kizunguzungu. Sasa hakutaka kusikia la mtu. Alitaka kumwona mdogo wake kabla ya kisu, asije akamkuta baada ya kisu amefunikwa shuka. Alilisema hilo wazi wazi, huku akichambua mchele, na hakuna aliyethubutu kumwambia asitamke mabaya.

Ulmas, mtoto wa Inoyat, akapiga simu. Ulmas anauza matunda makavu kwa jumla na ana gari kubwa jeusi lenye viti vya ngozi.

"Mama mkubwa, nakuja kukuchukua mwenyewe. Humu ndani utalala kama uko kitandani kwako."

Ergash akaichukua simu mkononi mwa mama yake. "Ulmas, mdogo wangu, usijisumbue. Mama ana mtoto, na mtoto ana gari."

"Kaka, gari lako nalijua. Ndiyo maana nimepiga simu."

Neno hilo lilimchoma. Mama yake avushwe mlima na mtoto wa mwingine, tena apande gari la watu hapo hapo mlangoni, mtaa mzima ukitazama? Afadhali ambebe mgongoni. Akasema kwamba Jumamosi wataondoka wenyewe, akakata simu, na alipogeuka akamwona mama yake akitazama dirishani kwa macho ya mtu aliyekuwa ameshaanza kuvizoea viti vya ngozi.

Kabla ya safari akalipeleka gari kubadilisha oili. Fundi, mtu mnene mwenye kofia ya sufi, alipomaliza kazi ya chini akaingia upande wa abiria, akakibonyeza kile kisanduku cha mbele ambamo watu huweka karatasi za gari, kikaanguka. Nyuma yake akavuta kitu cheusi chenye manyoya.

"Baba, humu ulikuwa unafuga paka?"

"Nini hicho?"

"Filta. Hewa yote unayovuta humu ndani inapitia hapa kwanza."

Ergash akaitazama. Kulikuwa na pamba inayopeperuka kutoka miti ya mipopla kila majira ya machipuko, majani ya mforosadi, maganda ya mbegu za alizeti, na juu ya vyote masizi ya isirik. Isirik ni majani makavu tunayoyachoma kufukuza jicho la husuda na mafua, na Hosiyat huifukizia nyumba, watoto na gari, kila siku ya Ijumaa. Mama yake alikuwa amekula mchanganyiko huo kwa miaka. Ergash aliona aibu ya kweli, na aibu hiyo ilidumu mpaka fundi alipotaja bei ya filta mpya pamoja na kuiweka.

"Kwa bei hiyo si ninunue hewa yenyewe?" akasema. Akaomba ile ya zamani ifungiwe kwenye gazeti, akarudi nayo nyumbani.

Alichofanya nayo kila mtu wa mtaa anakijua, kwa kuwa alikifanya uani. Aliitundika filta kwenye kamba ya nguo akaichapa kwa fimbo, namna tunavyochapa magodoro yetu ya kukalia. Likatoka vumbi la kutosha kupanda vitunguu. Akaichapa tena, na tena, na alipokuwa anajiambia kwamba inaanza kuwa nyeupe, ikabaki fremu tupu kwenye kamba na karatasi ikawa chini, vipande vipande.

"Sasa imekuwa safi kabisa," Hosiyat akasema kutoka jikoni. "Hata filta yenyewe imetoka."

Mtu mwingine angekwenda dukani. Ergash alikumbuka kwamba ana duka. Mapazia ni nini, kama si kitu cha kuzuia jua na vumbi lisiingie ndani? Akakata kipande kwenye jora la pazia zito, jekundu lenye mawaridi, akakishonea kwenye ile fremu kwa mikunjo mizuri kama ya sebule ya waziri, akakipachika nyuma ya kisanduku. Alijiona ameshinda. Kesho yake akamchukua mama yake kwenda kutoa pole kwa watu waliofiwa, mtaa wa pili, na akawasha feni kwa mbwembwe.

Kitambaa kipya kina nyuzi, jambo ambalo muuza mapazia alipaswa kulijua kuliko mtu yeyote hapa mjini. Zikatoka kwenye matundu zikipepea, nyekundu, laini, zikatua kwenye mtandio mweupe wa msiba na kwenye nyusi za Bi Risolat, na mmoja ukaingia kooni. Alikohoa tangu mlangoni kwao hadi kwa wafiwa. Waliompokea walidhani analia, wakasifu huruma yake.

Waliporudi, hakushuka mara moja. Alikaa juu ya nailoni yake akitazama mbele.

"Jumamosi nitalipanda gari lako," akasema. "Nikikohoa kabla ya Kokand, narudi na Ulmas. Na kuanzia hapo Ulmas ndiye atakayenipeleka kila mahali. Hospitali, Ulmas. Arusini, Ulmas."

"Mama, usiseme hivyo."

"Kaburini tu ndiko watu hubebwa begani. Huko nitakupa nafasi."

Ergash aliicheka kauli hiyo, alipoisimulia, mpaka wali ukampalia. Lakini Hosiyat aliniambia kwamba usiku ule mumewe hakula. Kaka zake wote walikuwa wamehamia mbali, mmoja Urusi, mmoja Samarkand, na kitu pekee ambacho yeye, mtoto wa mwisho asiye na elimu kubwa wala mali, alikuwa nacho mbele yao ni kwamba yeye ndiye anayemtunza mama. Sasa alikuwa karibu kunyang'anywa hata hicho, kwa sababu ya uzi mwekundu.

Basi akaenda Sergeli, kwenye soko la vipuri, ambako muuzaji mmoja aitwaye Tolib alimtolea filta ileile kutoka kwenye boksi lisilo na jina.

"Hii ni nzuri kama ya fundi?"

"Zimetoka kwa baba mmoja, kaka. Hii tu haikwenda shule."

"Na kuiweka?"

"Uliwahi kuvuta droo?"

"Kila siku, dukani."

"Basi wewe ni fundi. Angalia tu huu mshale utazame chini, hewa inakokwenda."

Bei yake ilikuwa ya sambusa chache na birika la chai. Ergash akaishika mkononi akisikia uchungu usioelezeka, maana kile kipande cha pazia alichokikata kilikuwa ghali zaidi, na jora lililobaki lilikuwa na pengo ambalo hakuna mteja angelikubali. Bure ghali, wanasema. Yeye alikuwa amefanikiwa kuifanya bure iwe ghali kuliko ghali yenyewe.

Nyumbani akafanya kazi bila kosa. Akatoa vitu kwenye kisanduku, akakibonyeza mbavu, kikaanguka chenyewe. Akavuta fremu ya mawaridi. Akapangusa mle ndani kwa kitambaa chenye unyevu na kutoa hata ganda moja la alizeti lililokuwa limejificha pembeni. Kisha akaichukua filta mpya. Ilikuwa nyeupe, mikunjo yake imepangwa sawasawa kuliko pazia lolote aliloshona maishani, na ilikuwa imevikwa nailoni, ngumu na inayong'aa, isiyo na hata mkwaruzo.

Hapo mkono ukasita. Nje moshi ulikuwa mzito kiasi cha kuuonja kwenye ulimi. Safari ilikuwa bado. Akiivua leo, filta itakula masizi ya Tashkent bure, na siku ya kumvusha mama mlima itakuwa imeshachakaa. Kitu kipya huvuliwa siku ya mgeni. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na Bi Risolat ndiye aliyemlea. Akaamua kuiweka ndani ya nailoni yake, mshale ukitazama chini, na kuja kuivua wakishatoka mjini, pale chini ya mlima ambapo hewa ni safi. Itaanza kazi ikiwa bikira. Lilimjia kama wazo la busara kabisa, na ndipo hapo, alituambia, alipopaswa kujitilia shaka, kwa sababu mawazo ya busara hayakuwa yakimjia mara kwa mara.

Hakumwambia mtu.

Jumamosi Bi Risolat akakaa kiti cha mbele, kama heshima inavyotaka, na furushi la mikate ya tanuri mapajani kwa ajili ya mdogo wake. Akakataa gari liondoke kabla ya kufukizwa.

"Milimani macho ya watu ni mengi," akasema. "Hosiyat, mkwe wangu, lete isirik."

Hosiyat akaleta kikaango kinachofuka, akakizungusha ndani ya gari, mbele, nyuma, na mara moja zaidi juu ya kichwa cha mumewe. Milango ikafungwa. Ergash akawasha feni ili moshi utoke. Feni ikanguruma, ikaugulia, na kwenye matundu hakukutoka kitu. Moshi ukabaki pale pale ukiwatazama.

"Mbona hakuna hewa?" Hosiyat akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Filta mpya huwa nzito mwanzoni," Ergash akasema. "Itafunguka tukitoka mjini."

Alikuwa amesema kweli, akajifariji.

Walisafiri na dirisha limeachwa wazi kidogo, mama amejifunga mtandio hadi machoni. Hakukohoa. Joto la injini na la mikate lilimlegeza, na walipofika chini ya mlima, mahali ambapo Ergash alikuwa amepanga kusimama, Bi Risolat alikuwa amelala fofofo, furushi limemkaa mapajani na magoti yakiegemea kile kisanduku. Kukifungua ilikuwa lazima amwamshe, amtoe, amtue mikate, halafu aeleze mbele ya mkewe kitu gani anakwenda kuvua, na kwa nini kilikuwa kimevaa. Ergash akapunguza mwendo. Akamtazama mama yake anavyopumua. Akajiambia kwamba atasimama mbele kidogo, akaongeza gia.

Kwenye kona za kwanza theluji iliyochanganyika na mvua ikaanza kupiga kioo. Akafunga dirisha. Pumzi za watu watatu na harufu ya isirik hazikuwa na pa kwenda, na kioo cha mbele kikaanza kuota ukungu kwa ndani, pembeni kwanza, kisha katikati. Hosiyat akajipenyeza kati ya viti akawa anapangusa kwa kitambaa cha mikate. Alipopangusa kulia, kushoto kulifunga.

"Washa feni," akasema.

"Imewaka."

"Ongeza."

"Ndiyo mwisho wake."

Bi Risolat akaamka kwa kikohozi. Kilikuwa kikohozi kidogo cha kusafisha koo, na Ergash akajitia hamnazo. Kikaja cha pili. Akafungua dirisha, na lori lililokuwa mbele yao likipanda kwa kuhema likawamwagia moshi wake wote mweusi pamoja na theluji. Akafunga. Mama akakohoa tena, akainama juu ya mikate, na safari hii kikohozi hakikukoma. Kisha wakaingia handakini, ambako hakuna kusimama wala kufungua dirisha, na Ergash akawa anaendesha kwa kuifuata taa moja nyekundu ya lori aliyoiona katikati ya ukungu, mkewe akipangusa, mama akivuta pumzi kwa sauti nyembamba ya mlango usiotiwa mafuta.

Alitazama mara moja tu pembeni. Midomo ya mama yake ilikuwa imegeuka rangi. Sharti la mama juu ya Ulmas likamtoka kichwani lote. Apande na Ulmas, apande na yeyote, aende kila mahali na Ulmas maisha yake yote, ila afike akiwa hai. Aliogopa hivyo, na kwenye pilau ile, alipofika hapa, Ergash hakucheka.

Walipotoka upande wa pili akasimama mahali pa kwanza penye nafasi, palipokuwa na wanawake wanaouza vidonge vya maziwa makavu na asali chini ya mwavuli. Akakimbilia mlango wa mama akaufungua. Hewa ya mlimani ikaingia, baridi na tupu, na Bi Risolat akaivuta mara nyingi huku mkono wake umeshika kola ya mwanawe. Rangi ikamrudia polepole.

"Mama, nisamehe. Nipe miguu yako."

Hosiyat akachukua mikate. Ergash akapiga magoti kwenye theluji iliyoyeyuka, akakibonyeza kisanduku mbavu bila kukumbuka kutoa vitu, na vyote vikamwangukia: karatasi, chaja, chupa ya dawa ya kikohozi, nailoni tatu zilizokunjwa vizuri. Akaingiza mkono, akavuta filta. Ikatoka inang'aa, haina hata chembe ya vumbi.

Hosiyat akaitazama, kisha akamtazama mumewe.

"Umeiweka na mfuko wake?"

"Nilikuwa naitunza."

"Unaitunza isipatwe na nini?"

Ergash akaipangusa theluji juu ya nailoni. "Na vumbi," akasema.

Mmoja wa wale wanawake, aliyekuwa amesogea na bakuli la vidonge vya maziwa, akainama kuangalia. "Kaka, hicho kinauzwa? Naona bado kipya kabisa."

"Kinauzwa," Bi Risolat akasema, sauti yake bado nyembamba. "Mchukue na mwenyewe humo humo kwenye mfuko."

Ergash akairarua nailoni kwa meno. Akaipachika filta, mshale ukitazama chini, akawasha feni, na hewa ikaja kwa nguvu hata karatasi zilizokuwa sakafuni zikainuka. Ukungu kwenye kioo ukaanza kufutika kutoka chini kwenda juu, ukaonekana mlima wote, mweupe, na barabara inayoteremka. Hosiyat akanunua vidonge vya maziwa ili mwanamke asiendelee kutazama. Bi Risolat akarudi kitini, akafunga mkanda, akapokea mikate yake.

Hakusema neno hadi Kokand. Wanaomjua wanasema ulimi wake unavumilika, tatizo ni kimya chake. Ergash aliteremka milima yote ile akipumua hewa safi ya bei nafuu bila kuifaidi.

Inoyat alikuwa amesimama mlangoni na fimbo, ingawa daktari alimwambia alale. Dada hao hawakukumbatiana mara moja. Walishikana nyuso kwanza, kila mmoja akikagua mikunjo ya mwenzake.

"Umezeeka," Inoyat akasema.

"Nimezeekea njiani," Bi Risolat akajibu, na ndipo wakalia.

Kitambaa cha chakula kilikuwa kimetandikwa: pilau yenye karoti za njano, zabibu, lozi za Ulmas, chai kijani. Watu walipokaa, Ulmas akauliza safari ilikuwaje, na Ergash akaona mama yake anafuta midomo tayari kusema. Akaamua kumtangulia. Kama ni lazima achekwe, acheke yeye wa kwanza, ndivyo alivyoishi miaka yote. Akasimulia kila kitu: filta iliyochapwa kama godoro, mawaridi, nyuzi kwenye nyusi za mama msibani, na nailoni. Alijisema kwa namna ambayo hakuna adui angeweza kuongeza. Watoto wa Ulmas walianguka kwenye mito. Inoyat alishika kifua akisema, "Mwacheni, jamani, mnyamazisheni, daktari amenikataza," na machozi yakimtoka.

Ulmas naye alicheka, lakini ni mtu mwema, na alipomaliza akaweka mkono begani mwa Ergash.

"Kaka, haya ya dunia. Wewe umefanya sehemu yako. Mama mkubwa akae hapa mpaka mama apone, halafu nitamrudisha mimi. Mlima ule si wa kuchezea na kifua chake."

 Kila mtu wa nyumba ya Ergash alilijua sharti lile, na mwenye sharti alikuwa amekohoa. Hosiyat akaanza kukusanya makombo ambayo hayakuwepo. Ergash akafungua kinywa aseme kwamba Ulmas yuko sawa, maana alikuwa sawa, na badala yake akakijaza pilau.

Bi Risolat alikuwa anamega mkate kwa ajili ya mdogo wake. Akamaliza kumega.

"Nitarudi na Ergash," akasema.

"Mama mkubwa, baada ya yote haya?"

"Kwa sababu ya yote haya. Upumbavu wa huyu naujua wote, tangu alipokuwa anatambaa. Nikishika kola yake anajua nataka nini. Wako wewe sijaujua bado, mwanangu, na sina umri wa kuanza kujifunza upya."

Inoyat alicheka tena, akamwambia mwanawe amesikia. Ergash akainama, akalivuta birika karibu ili apate pa kuweka macho yake, akashika bakuli dogo la kunywea la Ulmas na kulimiminia chai. Kwetu mgeni humiminiwa chai kidogo, ili arudie. Bakuli likijazwa pomoni maana yake aage aondoke. Ergash alimimina bila kuona mpaka chai ikafurika juu ya kitambaa. Ulmas alilitazama bakuli, akakumbuka kwamba hapo ni kwake, akalinywa lote.